Rekodi tano za chuma na huzuni, uanze na ipi?

Kuna jamaa yangu wa Magongo, hapa Mombasa, tumekua pamoja, maisha yake yote ni bongofleva, taarab akiwa kwao, na rege Jumapili. Juzi tumepanda tuktuk pamoja, akanichomoa hedifoni sikio moja akaweka lake, akasikiza kama dakika hivi halafu akaniuliza, "sasa hii ni nyimbo ama ni mashine ya kusaga mahindi?" Nikamwambia ni vyote viwili. Akacheka mpaka dereva akageuka. Lakini siku mbili baadaye akaniandikia ati nimtumie, anataka kujaribu, ila nimchagulie moja tu, kwa sababu bando lake la wiki hawezi kulimaliza kwa makelele asiyoyaelewa.

Moja tu! Hapo nikakwama, maana nina albamu tano, nyingi zake za huo muziki wa mashine unaoitwa indastriali, ambazo nimezizungusha miezi na miezi, zimetoka kati ya Machi 2024 na Septemba 2025, na kila moja ina siku yake. Nikaanza kumjibu kwa meseji, meseji ikawa ndefu kama barua ya posa, nikaona bora niiandike vizuri kwa yeyote aliyekwama kama yeye. Mshindi simtaji. Ukitaka mshindi kaangalie mpira.

Zenyewe ni hizi

Kim Gordon, The Collective, Machi 2024. Huyu mama alikuwa ndani ya bendi ya roki ya Sonic Youth toka ilipoanza New York 1981 mpaka ilipovunjika 2011, amezaliwa 1953, kwa hivo hii ameitoa akiwa na miaka 70, na wallahi ndio yenye midundo ya kijana zaidi kuliko zote hapa.

Einstürzende Neubauten, Rampen, Aprili 2024. Wazee wa Berlin, wako tangu 1980, ndio wale walioanza kwa kupiga vyuma chakavu na drili jukwaani wakati wenzao wananunua magitaa. Hilo jina refu maana yake nyumba mpya zinazoporomoka. Sisi Kenya hatuhitaji kuelezwa sana.

Lord Spikeheart, The Adept, Aprili 2024 hiyo hiyo. Mkenya mwenzetu, na ameitoa na lebo yake mwenyewe inaitwa HAEKALU, soma hekalu.

The Cure, Songs of a Lost World, tarehe 1 Novemba 2024. Waingereza, albamu yao ya kwanza mpya tangu 2008, yani miaka 16 watu wamengoja. Hii si indastriali, ni roki mbadala, lakini nimeiweka makusudi na utaona kwa nini.

Nine Inch Nails, Tron: Ares, tarehe 19 Septemba 2025. Ni muziki wa filamu ya Disney, ya kwanza kuandikwa kwa jina la bendi, maana filamu zote za nyuma Trent Reznor na Atticus Ross, ndio wenye bendi, walikuwa wanaandika majina yao wenyewe. Filamu ya kabla yake kwenye huo mlolongo wa Tron, ile ya 2010, muziki walifanya Daft Punk, kwa hivo viatu vilikuwa vikubwa.

Na indastriali ni nini kwa asiyejua, basi kwa kifupi, mwaka 1976 huko London kundi la Throbbing Gristle walifungua lebo wakaiita Industrial Records, jina likashika. Ni muziki unaochukua sauti za kiwanda, za mtambo, za kitu kinachoharibika, ukazipanga. Mtu wa Mombasa hii sio ngeni hata kidogo, hebu simama Shimanzi saa tano asubuhi, malori, magodauni, vyuma vinaangushwa, halafu uniambie hujawahi kusikia indastriali.

Napimia nini

Vitu vitano. Kwanza ukali, sauti inauma kiasi gani. Pili mdundo na besi, je mwili unapata pa kushika ama umeachwa hewani. Tatu maneno, lugha gani na yanasikika ama la. Nne subira, inataka ukae kitako muda gani na itakula bando kiasi gani. Tano, na hiki watu hukisahau kabisa, unasikizia wapi, kwa chombo gani, na nani yuko chumba cha pili. Mie naishi Kisauni, ukuta mmoja na jirani, msikiti hauko mbali, mamangu yuko nyumbani saa zote. Hali hiyo peke yake imenichagulia nyimbo nyingi kuliko ladha yangu.

Ukali

Nianze na iliyo kali kabisa ili tumalize habari yake, The Adept. Huyu bwana Lord Spikeheart jina lake Martin Khanja, zamani alikuwa nusu ya Duma, wawili wa Nairobi waliotoa rekodi yao 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mtu wa pwani akisikia duma anafikiria mnyama wa mbio, lakini wao walichukua Kikikuyu, maana yake giza, na ukiisikiza utajua kwa nini hawakumaanisha mnyama. Kwenye The Adept amekuja peke yake na wageni, mmojawapo ni Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada, na hakuna kitu kimepunguzwa. Analia, ananguruma, anapiga mayowe ya metali, ile roki nzito, nyuma yake mashine zinavunjana. Siku ya kwanza niliiweka kwenye wufa ya sebuleni nikidhani nyumbani hakuna mtu. Mamangu akatoka jikoni, kijiko mkononi, akasimama kusikiza kwa makini kabisa, halafu akauliza, "huyo pepo wamtoka ama ndio wamuingia?" Sikuwa na jibu. Na kusema kweli hilo ndilo swali zuri zaidi niliwahi kuulizwa kuhusu hiyo albamu, maana aliyewahi kuona ngoma ya pepo anajua kelele inaweza kuwa dawa, haipigwi kwa hasira, inapigwa ili kitu kitoke.

Ukali wa Kim Gordon ni mwingine. Yeye hapigi mayowe, anaongea tu karibu na sikio kama mtu aliyechoka, kinachouma ni muziki wenyewe umepasuliwa makusudi. Hapa nieleze kidogo kwa sababu utakuja kudhani spika yako imekufa. Spika ama amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, wimbi la sauti hukatwa kichwa, badala ya kilima cha mviringo unapata kilima kilichosawazishwa juu, na huko kukatwa kunazaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwepo, ndio ule mkwaruzo. Matatu zetu hufanya hivo bure kila siku. Yeye na produsa wake Justin Raisen wamefanya kwa hesabu. Sasa ukiweka mkwaruzo wa hesabu kwenye spika inayokwaruza yenyewe, unapata uji.

Rampen ukali wake ni wa ghafla. Inanong'ona, inanong'ona, mwimbaji wao Blixa Bargeld anaongea kama babu anayesimulia, mara chuma kinaanguka. Sio kali muda wote, lakini hujui lini, na kwa wengine hiyo ndio mbaya zaidi.

Nine Inch Nails hii mpya ukali wake umepigwa pasi. Upo, unakata, lakini kila kitu kimewekwa mahali pake, safi, kimeng'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Wapo mashabiki wa zamani, wale wa The Downward Spiral ya 1994, wanaolalamika hapa hakuna uchafu. Naelewa. Mie pasi hainisumbui, ila ukitaka damu hutaipata hapa.

The Cure haina ukali, ina uzito. Kwenye Warsong na Drone:Nodrone ndio magitaa yanagombana kidogo, kwingine ni kama mawingu ya masika yanavyoshuka Likoni, hayakupigi, yanakulalia.

Mdundo na besi

Kama wewe huwezi muziki bila mdundo, safari yako ni fupi, ni Nine Inch Nails ama Kim Gordon. Nine Inch Nails wameleta disko, sina neno lingine. Wimbo uliotangulia albamu, As Alive as You Need Me to Be, mdundo wake ni ule ule mmoja mmoja wa kwenda na mguu, besi ya kinanda inatembea chini, mwaka huo huo walikuwa wanazunguka kwenye ziara na Boys Noize, produsa wa disko wa Ujerumani, na unasikia. Niliiweka kwenye arusi? Hapana, sijafika huko. Lakini nimeiweka jikoni wakati wa kusukuma chapati na shughuli ikaenda.

Kim Gordon ni midundo ya trapu, ile ya hip hop, besi ya mtindo wa ile mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka 1980, mwaka ule ule Neubauten walianza kugonga vyuma, hebu ona njia mbili zilivyokuja kukutana baada ya miaka 44. Besi yake iko chini sana. Spika ya simu haina nafasi ya kusukuma hewa kiasi hicho kwa hivo huko utasikia mkwaruzo bila besi, yani mifupa ya samaki bila samaki. Lazima wufa ama hedifoni zinazofunika sikio.

The Adept mdundo uko, lakini mara nyingi unakimbia mpaka unaacha kuwa mdundo, unakuwa mngurumo mmoja. Mwili unashika kwa kifua, miguu haina kazi. The Cure ngoma ni za taratibu, nzito, kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza, na besi ya Simon Gallup ndio inayoimba kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Rampen ndio nataka kukaa kidogo. Watu huniambia chuma si chombo cha muziki. Pwani hii hii? Sisi tuna upatu, sahani ya shaba unayoigonga kwenye ngoma na hakuna aliyewahi kusema ni takataka. Muuza kahawa wa Mji wa Kale anapita na dele lake akigonganisha vikombe, tik-tik tik, na hiyo ni mdundo, ukimsikiza vizuri ana mtindo wake na mwenzake wa Makadara ana wake. Hawa Wajerumani wanafanya kitu hicho hicho, tofauti ni kwamba vikombe vyao ni mabomba na springi. Mdundo wa Rampen hauji kutoka kwa ngoma, unakuja kutoka kwa kitu chochote kinachorudiwa mpaka sikio likakubali. Ukisubiri ngoma ianze utakesha. Ukikubali kwamba ishaanza, unapona.

Maneno

Hapa ndio wengi huchagua, na sioni aibu.

The Cure maneno yako wazi, Kiingereza cha kawaida, Robert Smith anaimba kama mtu anayekutazama. Wimbo wa I Can Never Say Goodbye ni wa kakake Richard aliyefariki. Hakuna fumbo. Nilikuwa nao kwenye simu tukirudi Kwale kutoka arubaini ya shangazi, na sikuweza kuumaliza ndani ya gari, niliuzima nikauweka tena usiku.

Kim Gordon ni kinyume, maneno yanasikika lakini hayasemi anachosema. BYE BYE, wimbo wa kufungua, ni orodha ya vitu vya kupakia mtu akisafiri. Orodha tu! Kama mama anayefunga mizigo ya basi la Lamu, nguo hii, dawa ile, chaja, na wewe unasikiza unaanza kujiuliza huyu anasafiri ama anatoroka. I'm a Man nao anaimba kwa mdomo wa mwanamume anayejihurumia, na ni kejeli lakini si kejeli rahisi. Watu wa taarab mtamuelewa huyu mama haraka kuliko watu wa roki, maana mafumbo ni nyumbani kwenu. Ndio maana nashangaa mnavyoogopa.

Nine Inch Nails, jihadhari, nyimbo 24 na zenye kuimbwa ni nne tu, zilizobaki ni muziki mtupu wa filamu. Mmoja ameimba na Judeline, binti wa Uhispania, na ni wa taratibu, mzuri. Kama ulikuja kwa sauti ya Reznor utaona umeuziwa sufuria la pilau lenye nyama nne. Lakini pilau ni pilau.

Rampen karibu yote Kijerumani. Mie sijui Kijerumani zaidi ya kile wanachoongea mabichiboi wa Nyali, na hakinisaidii hapa. Bado sauti ya Bargeld inafanya kazi kama chombo, unasikia anauliza, anakataa, anacheka. Tumesikiza Kihindi miaka yote kwenye filamu bila tafsiri na tukalia pale pa kulia, sioni kwa nini Kijerumani kitushinde.

The Adept maneno usiyatafute, mengi yamemezwa na koo. Ila jua amemtolea nani albamu, Muthoni wa Kirima, nyanya mkuu wa ukoo wake, yule mama aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau, na ambaye alifariki Septemba 2023. Nywele zake za msituni alizikata 2022 tu. Nikishajua hilo, yale mayowe yalibadilika kwangu, yakawa na anwani.

Subira na bando

Hesabu ya haraka. Ukisikiza mtandaoni kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja yala kama megabaiti 72. The Collective ni kama dakika 40, itakula megabaiti 48 hivi. The Cure ni dakika 49, karibu 59. Rampen ina nyimbo 15 na inapita saa, Tron: Ares nayo inapita saa. Ukiishusha mara moja kwa waifai ya mtu umemaliza, ukiirudia rudia kwa bando utalia.

Subira yenyewe sasa. The Cure wana nyimbo 8 tu lakini usidanganyike, ule wa kwanza, Alone, sauti ya kuimba inaingia baada ya dakika tatu na zaidi, na wa mwisho, Endsong, unapita dakika kumi. Ni albamu ya mtu aliyekaa kibarazani hana haraka ya kwenda popote. Tron: Ares vipande vingine ni vya kupitia tu, vimewekwa kwa sababu ya picha, unaweza kuruka na hakuna atakayekukamata. The Adept nyimbo nyingi fupi, mie huisikiza robo robo kama pilipili. Kim Gordon ukiianza unaimaliza, haina mahali pa kushukia.

Rampen inataka subira ya aina yake kwa sababu ya ilivyotengenezwa. Hawa wazee wakiwa kwenye ziara ya 2022, mwisho wa shoo, walikuwa wanaingia kupiga kitu ambacho hawajakiandaa, mbele ya watu, bila kujua kitaishia wapi, wenyewe wanaziita rampu, ndio hilo jina Rampen. Baadaye wakarudi studio wakazijenga zikawa nyimbo. Kwa hivo ndani yake kuna ule wasiwasi wa mtu anayetafuta njia gizani na bado hajaipata. Nyimbo mbili tatu hazikuipata kabisa, nisiwafiche. Lakini zile zilizopata, lo.

Wapi na kwa chombo gani

Hii ndio nlijifunza kwa ujinga wangu. Mwaka jana nilikuwa na kazi Likoni, navuka na feri asubuhi na jioni, nikaamua Rampen ndio itakuwa albamu ya feri. Makosa. Kila pahali pa kunong'ona pamemezwa, injini, upepo, watu mia kadhaa wanaongea, mtu anauza njugu kwenye kibega chako. Nikapandisha volyumu, mara chuma kikaanguka ndani ya hedifoni nikaruka, mama mmoja akaniangalia kama nimekanyaga moto. Nikaitoa nikaona haifai.

Sasa siku moja jioni betri iko asilimia tano, nimebakisha sikio moja, feri inafika upande wa kisiwani, ule ulimi wa chuma wa mbele unashushwa, ukagusa saruji ukaburuta, krrrraaa, na hapo hapo kwenye rekodi kuna kitu kinaburutwa pia, na kwa sekunde mbili tatu sikuweza kutofautisha kipi ni cha Berlin na kipi ni cha Likoni. Watu wanasukumana kutoka, mie nimesimama pale kama zuzu. Rampen, rampu, na mie nimesimama juu ya rampu. Tangu siku hiyo naisikiza sikio moja tu, na nje, lakini mahali penye vyuma vyake mwenyewe na watu wachache, kwa mfano nyuma ya Mwembe Tayari Jumapili. Si ushauri wa mtaalamu, lakini jaribu.

Nine Inch Nails ndio inayovumilia kila mahali, simu, wufa, tuktuk, hata spika mbovu, kwa sababu imepangwa wazi na mdundo hauyumbi. The Cure inataka usiku na spika nzuri kidogo, sauti ya wastani, jirani hatagonga ukuta na wazee hawatauliza. Mamangu mwenyewe aliwahi kusema ni kama nyimbo za msiba za Wazungu, akaendelea kuchambua mchele. Kim Gordon ni hedifoni, mwisho, na kama kuna wazee ama watoto usiweke kwa spika kwa sababu kuna maneno yanasikika vizuri sana. The Adept ni hedifoni pia, isipokuwa kama unaishi peke yako ndani ya godauni. Na mwezi wa Ramadhani, nitakuachia wewe na dhamira yako, mie naweka kando zote isipokuwa ya filamu, ile isiyo na maneno, baada ya tarawehe.

Basi wewe ni yupi

Kama hujawahi kusikiza kitu hiki hata siku moja na unapenda kucheza, chukua Tron: Ares, anza na ule wimbo wa As Alive, halafu ruka ruka utakavyo. Ikikuchosha kwa usafi wake ndio dalili uko tayari kwa kitu kichafu zaidi.

Kama wewe ni mtu wa maneno, wa mafumbo, wa kupigiwa kijembe ukatabasamu, Kim Gordon. Ilipendekezwa Grammy mbili, hilo halikusaidii kitu ila waweza kumwambia anayekuuliza kwa nini unasikiza kelele.

Kama una hasira huna pa kuiweka, umeachishwa kazi, umeachwa, unatoka gym, ama ulikuwa mtu wa metali shuleni ukadhani Afrika Mashariki hakuna, The Adept. Robo saa, si zaidi, kwa kuanzia. Na kama unataka kununua moja ili pesa imfikie mtu wa hapa karibu, ni hiyo hiyo, lebo ni yake.

Kama wewe ni fundi, wa jua kali, wa seremala, wa gereji, mtu ambaye mkono wako unajua bati hili likigongwa hapa linalia vipi na pale linalia vipi, Rampen ilitengenezwa kwa sikio kama lako kuliko la mtu yeyote wa Berlin. Ama ikuudhi sana kwa sababu umetoka kazini. Hapo katikati hakuna.

Na kama umechoka, umefiwa, ama unataka tu kukaa na taa imezimwa, The Cure.

Jamaa yangu wa Magongo anaendesha foklifti kwenye yadi ya makontena, masaa kumi kwa siku, vyuma juu ya vyuma. Watu wote niliowauliza walisema mpe Neubauten, itamuingia. Nikafikiria, nikaona huyu bwana indastriali anayo ya kutosha, tena analipwa kwayo. Nikamtumia The Cure. Akanipigia dakika ya pili, "mbona huyu haimbi?" Nikamwambia ngoja.